Somo kwa Vyama vya Msingi: Uchaguzi wa Bunduki ya Marisaa na Geji Yake

Hoja ya kununua bunduki kwa jina la chama hufika mkutanoni mara nyingi baada ya hasara. Nguruwe mwitu wamefukua mihogo ya wanachama walio kando ya rweya, au pongo wamekula maharage machanga usiku kucha, na asubuhi yake mwanachama mmoja husimama na kusema kwamba chama kilichoweza kununua mzani hakiwezi kushindwa kununua bunduki. Hoja huungwa mkono kwa makofi. Kisha Katibu huagizwa akaulize bei, naye hajaambiwa ni bunduki ya namna gani, ya geji gani, wala itatumia risasi ipi.

Kabla ya bei hapana budi kutangulize sheria. Umilikaji wa silaha nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015, na hakuna chama wala mtu awezaye kununua kwanza na kuomba kibali baadaye. Yafaa pia ieleweke kwamba leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kuwinda. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na mnyama aliyeuawa kwa ajili ya kulinda shamba hawi kitoweo cha aliyemwua; taarifa hutolewa kwa Afisa Wanyamapori, na mzoga ni nyara ya Serikali. Wanachama wa Muleba wanaopakana na Burigi wakumbuke kwamba lile lililokuwa pori la akiba lilitangazwa mwaka 2019 kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Mzee anayesimulia jinsi alivyowinda huko zamani anasimulia habari za kweli, lakini za wakati uliokwisha.

Sasa tuje kwenye geji. Neno hili huwatatiza wengi kwa kuwa namba yake huenda kinyume: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu la mtutu linavyokuwa pana. Sababu yake ni ya kale. Mafundi wa Uingereza walihesabu ni madonge mangapi ya mviringo ya madini ya risasi, kila moja likienea sawasawa katika tundu la mtutu, yatakayotimiza uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Yakiwa 12, kila donge lina uzito wa karibu gramu 38, na tundu lina upana wa milimita 18.5. Yakiwa 16, upana ni milimita 16.8, yakiwa 20, ni milimita 15.6. Ile ndogo iitwayo 410 haimo katika hesabu hiyo. Yenyewe hupimwa kwa sehemu za inchi, na upana wake ni kama milimita 10.4 tu.

Katibu asidhani kwamba hii ni elimu ya mapambo. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwa makosa katika bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu, mahali isipoonekana. Mlinzi akiona chemba i tupu, hutia risasi ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, na mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo maana viwanda vingi hutia risasi za geji 20 rangi ya manjano. Chama chenye bunduki moja kisiwe na geji mbili za risasi katika ghala lake, hata kama hizo nyingine ni za kuwekewa mwanachama kwa siku moja tu.

Kwa wanyama wanaozungumzwa katika mikutano yetu, pongo dume aweza kufikia uzito wa kilo 80, na nguruwe mwitu kilo 100 au zaidi. 410 haifai kabisa. Donge lake lina uzito wa gramu 6 au 7, nalo litamjeruhi mnyama aende akafie kichakani au, vibaya zaidi, arudi akiwa na hasira. Geji 20 yatosha kwa pongo aliye karibu, na teke lake begani ni dogo, jambo lenye maana kwa mlinzi mwenye umbo jembamba, kwani mtu anayeogopa bunduki yake hufumba macho anapofyatua. Hata hivyo geji 12 ndiyo inayopendekezwa kwa chama, kwa sababu ya nguvu yake na kwa sababu risasi zake hupatikana kwa urahisi kuliko za geji nyingine. Bunduki nzuri isiyo na risasi ni sawa na mashine ya kukoboa isiyo na mafuta.

Baada ya geji huja swali ambalo kwa hakika ndilo kubwa: ni marisaa au ni donge? Bunduki hii, ambayo wengi huiita shotigani, hutupa vipande vingi vidogo kwa mara moja, na hivyo ndivyo marisaa. Lakini yaweza pia kupakiwa donge moja zito, ambalo kwa geji 12 huwa na uzito wa karibu gramu 28. Mjerumani Wilhelm Brenneke alitengeneza donge lake mwaka 1898, na Mmarekani Karl Foster akatoa lake mwaka 1931, lenye uwazi nyuma na uzito mbele, ili liende likiwa limenyooka hata kutoka katika mtutu laini usiolizungusha. Donge la namna hiyo, kwa mpigaji aliyefundishwa, laweza kumwangusha pongo kwa umbali wa mita 50 na zaidi kidogo. Marisaa makubwa ya SG hutawanyika kwa kadiri ya sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja ya mwendo. Kwa hiyo kwenye mita 40 yameenea upana wa mita nzima, na huenda yakampata mnyama mawili tu ya mguuni. Zaidi ya mita 25 marisaa ni bahati nasibu.

Msomaji atahitimisha kwamba donge ni bora. Huko Marekani ndivyo walivyohitimisha: majimbo kadhaa yenye mashamba tambarare na wakazi wengi, kama vile Ohio na Illinois, kwa miaka mingi yalikataza raifo katika uwindaji wa kulungu wao na kuruhusu donge la shotigani, yakiamini kwamba haliendi mbali. Lakini mwaka 2007 uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Bunge la jimbo la Pennsylvania ulileta jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Bunduki ikielekezwa juu, risasi ya raifo huenda mbali zaidi, kama ilivyodhaniwa. Bali ikifyatuliwa sambamba na ardhi, donge la shotigani hugonga chini, huruka tena, na kuendelea na safari, na kwa hali hiyo eneo la hatari lilionekana kuwa kubwa kuliko la raifo.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika Bukoba na Muleba. Nyumba zetu hazionekani kwa mbali. Zimefunikwa na migomba na mibuni, na kibanja cha mtu huanza pale kinapokoma cha jirani. Mgomba una maji mengi na nyuzi laini. Donge la gramu 28 hupita katika shina lake na katika la pili, na ukuta wa miti na udongo hauna uhakika wa kulizuia. Mpigaji anayemwona pongo kati ya migomba hajui kama nyuma yake, mita 100 mbele, yuko mama anayemenya ndizi. Hata marisaa ya SG husafiri mamia ya mita, ila kila kipande ni chepesi na hupoteza nguvu mapema.

Kwa hiyo chama kiamue kwa kuitazama ardhi yake kabla ya kumtazama mnyama. Ndani ya vibanja na kandokando yake, donge lisitumike kabisa. Ikibidi kupiga, yatumike marisaa, kwa umbali usiozidi mita 25, na mdomo wa bunduki ukiwa umeelekea chini. Donge liwe la rweya peke yake, mchana, mpigaji akiwa juu na mnyama akiwa chini, na nyuma ya mnyama kuwe na mteremko wa udongo unaoonekana kwa macho. Miinuko ya kwetu inatoa nafasi hiyo mahali pengi. Pasipo na mteremko, mnyama aachwe aende zake.

Hapa pana ukweli ambao wenye hoja hawapendi kuusikia. Nguruwe mwitu huja usiku, wakati ambapo mteremko hauonekani wala jirani haonekani. Kwa adui huyo bunduki haisaidii sana. Handaki, uzio wa miti iliyoshikamana, na zamu ya kulinda kwa kelele na moto huokoa mihogo mingi zaidi kwa gharama ndogo. Chama ambacho hasara yake yote ni ya nguruwe wa usiku kingefanya vyema kuirudisha hoja ya bunduki kwa wajumbe.

Kikiamua kununua, kitafute bunduki ya kuvunja katikati, ya mtutu mmoja au miwili. Ikivunjwa, kila mtu aliye karibu huona kama ina risasi au haina. Mtutu uwe laini na usiobanwa sana mdomoni. Mitutu iliyochongwa mifereji ya kuzungusha donge ipo, na hulenga vizuri, lakini hutawanya marisaa ovyo, na risasi za madonge yaliyovikwa plastiki zilizotengenezwa kwa mitutu hiyo hazilengi sawasawa katika mtutu laini. Urefu wa chemba umechapwa juu ya chuma: 65, 70 au 76. Risasi ya 70 katika chemba ya 65 yaweza kuingia bila shida, na hapo ndipo penye hila, kwa maana inapofunguka huziba njia na kuongeza mgandamizo kupita kiasi. Bunduki iliyokwisha kutumika ichunguliwe mtutu ikielekezwa kwenye mwanga. Kivuli cha mviringo ndani ni dalili ya uvimbe, na bunduki ya namna hiyo haifai hata ikitolewa bure.

Kabla ya kukabidhiwa mlinzi, ijaribiwe mbele ya wajumbe mahali palipokubaliwa na Polisi. Karatasi yenye upana wa mita moja isimamishwe mbele ya kichuguu kikubwa au ukingo wa udongo, katikati yake pachorwe duara la sentimita 30, ambalo ni kama kifua cha pongo, na risasi zipigwe kwa mita 15, 25 na 40. Vipande vilivyoingia ndani ya duara vihesabiwe na kuandikwa. Wajumbe wakiona wenyewe karatasi ya mita 40, mabishano juu ya umbali huisha.

Mwisho ni daftari. Bunduki iandikwe katika rejista ya mali ya chama kwa namba yake iliyochongwa kwenye chuma, na mwenye kupewa kibali atajwe katika muhtasari wa mkutano. Risasi ziwe na kitabu chake, mbali na cha pembejeo, zikifungiwa mahali pasipo bunduki, na funguo zisiwe mikononi mwa mtu mmoja. Kila asubuhi mlinzi arejeshe risasi alizobaki nazo pamoja na maganda ya zilizotumika, na ganda lisiporejeshwa lihesabiwe kama upungufu wa fedha. Ukurasa usomeke hivi: zilizotolewa 5, zilizotumika 1, maganda 1, zilizobaki 4, mahali na sababu ya kupiga, sahihi ya mlinzi, sahihi ya Katibu.