Akiba ya Siku ya Taabu

JUMANNE

Manabii waliposhuka kutoka Yerusalemu hadi Antiokia, mmoja wao, Agabo, alitangaza kwamba njaa kubwa ilikuwa inakuja. Luka anaeleza kuwa jambo hilo lilitimia katika siku za Kaisari Klaudio, aliyetawala Rumi kuanzia mwaka 41 hadi 54 B.K.

Soma Matendo 11:27–30. Waumini wa Antiokia walifanya nini baada ya kusikia habari hiyo? Kila mmoja alitoa kwa kipimo gani, na fedha zilipitia mikononi mwa nani?

Zingatia mambo matatu. Waumini hawa waliazimia kutoa mara waliposikia, hawakungoja kilio kutoka Uyahudi. Hakuna aliyepangiwa zaidi ya uwezo wake. Tena msaada ulikabidhiwa kwa watu waliojulikana na kuaminika, Barnaba na Sauli. Baadaye Paulo aliwafundisha Wakorintho utaratibu huo huo: kila mtu atenge kitu nyumbani kwake juma kwa juma, ili michango isianze kutafutwa siku mtume atakapowasili (1 Wakorintho 16:1, 2).

Hekima ya jambo hili inaonekana wazi katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mkulima wa mboga huko Mgeta au wa ndizi huko Kinole si lazima awe maskini wa mali. Ana shamba, na shamba lina mazao. Lakini fedha taslimu huja kwa msimu, na ugonjwa haufuati msimu. Mtoto akizidiwa usiku wakati wa masika, njia za mlimani zikiwa zinateleza, inatakiwa nauli ya kumfikisha hospitali, na fedha ya dawa baada ya hapo. Asiye na akiba hubaki na njia mbili ngumu: kuuza mazao yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, au kukopa kwa riba kubwa. Mtoto anaweza kupona, lakini familia ikaendelea kulipa usiku ule mmoja kwa mwaka mzima.

Soma Kutoka 22:25–27 na Kumbukumbu la Torati 15:7–11. Mungu alikataza nini kwa mtu anayemkopesha maskini? Kwa nini alijali hata vazi la mdaiwa jua likishazama?

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa nchini Tanzania vimejifunza kujiandaa mapema. Mfumo wa vikundi hivi ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Wanachama hukutana kwa ratiba waliyokubaliana na kununua hisa. Fedha hutunzwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kando ya hisa kuna mfuko wa jamii. Huu una fedha zake, ambazo hazichanganywi na zile za hisa. Kila mwanachama huchangia kiasi kilekile kidogo, na katiba ya kikundi hutaja mapema ni shida zipi zitasaidiwa: msiba, ugonjwa, nyumba kuungua. Msaada huo hautozwi riba.

Tuchukue mfano wa hesabu. Watu 25 wakitoa shilingi 500 kila mmoja kwa juma, baada ya majuma 20 wanakuwa na shilingi 250,000. Hakuna aliyeumia kwa kutoa, lakini mmoja wao akifiwa, hana haja ya kuzunguka nyumba kwa nyumba akieleza shida yake. Haki yake imeandikwa kwenye daftari, na wenzake wote wanaijua.

Hata hivyo, mpango huu una mpaka wake. Mfuko wa jamii humsaidia mwanachama. Bibi mzee anayelea wajukuu, asiyeweza kutoa hata ile mia tano, hana hisa na jina lake halimo daftarini. Mara nyingi mwenye shida kubwa kuliko wote ndiye aliye nje ya kikundi.

Soma Matendo 6:1–7. Ni akina nani waliosahauliwa katika huduma ya kila siku? Mitume walichukua hatua gani kurekebisha jambo hilo?

Kanisa la kwanza lilikuwa na ukarimu mwingi, lakini wajane wengine walisahauliwa. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuishia kuomba tu. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wapewe kazi hiyo. Hapo ndipo huduma ya Dorkasi katika kanisa mahalia inapopata mahali pake. Wanawake Waadventista wa Battle Creek, Michigan, waliunda chama cha kwanza cha jina hilo katika kanisa lao mwaka 1874, wakifuata mfano wa yule mwanafunzi wa Yafa ambaye wajane walimlilia wakionyesha nguo alizowashonea (Matendo 9:36–42). Kazi ya Dorkasi ni kumfikia jirani asiye na hisa, awe mshiriki wa kanisa au asiwe.

Msaada wa namna hiyo unahitaji uangalifu wa aina mbili. Fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi, kama Paulo alivyojihadhari asilaumiwe na mtu yeyote (2 Wakorintho 8:20, 21). Lakini jina la aliyesaidiwa lisitangazwe, maana Yesu alifundisha kutoa sirini (Mathayo 6:1–4). Hesabu ziwe wazi, na heshima ya mhitaji ilindwe.

Tafakari: Jirani yako akipatwa na dharura usiku wa leo, je, kuna kitu kilichokwisha kutengwa kwa ajili yake, au kila kitu kitaanza kutafutwa kesho asubuhi?

Maswali ya Kujadili

1. Katika mtaa au kijiji chenu, ni nani ambaye jina lake halimo katika kikundi chochote cha kusaidiana? Darasa lenu linaweza kumfikia kwa njia gani?

2. Mtu akisaidiwa leo na kurudi tena mwezi ujao, mtatofautishaje dharura na shida ya kudumu? Kila moja inahitaji msaada wa aina gani?

3. Ni utaratibu gani utakaolinda fedha za wahitaji bila kumwaibisha anayezipokea?