Urafiki Huanzia Sokoni: Somo kwa Vikundi



Mfugaji wa Garissa au Wajir huhama na nyumba yake. Kina mama huibomoa aqal, wakapakia miti na mikeka juu ya ngamia. Kila ahamapo hupata jirani mpya. Wasipojuana, kisima kimoja chatosha kuleta vita.

Tutazame Wajir. Miaka ya 1991 na 1992 kulikuwa na ukame, koo zikapigana. Hata sokoni mama alikataa kumwuzia mama wa ukoo mwingine. Mwaka 1993 kina mama wachache, mmoja wao Dekha Ibrahim Abdi, walikutana wakakubaliana kwamba soko ni la wote. Wakaweka kamati ya kuangalia na kusikiliza malalamiko. Baadaye wazee wakakaa pamoja, na Septemba 1993 wakatoa Azimio la Al Fatah.

Mnaona? Hawakungoja mkutano mkubwa. Walianza wachache, pale ugomvi ulipokuwa.

Sisi tufanye nini?

1. Tukienda baraza, tusikae na watu wetu tu. Kila mmoja arudi amejua jina la mgeni mmoja.

2. Wanaotangulia kuangalia malisho wawasalimie wenyeji kwanza, mifugo ifuate.

3. Tuchague watu wa kusikiliza ugomvi siku hiyo hiyo, kabla haujafika kwa vijana wenye silaha.

Maswali ya kujadili:

(a) Ni jirani gani hatusalimiani naye? Kwa nini?

(b) Sokoni kwetu, ni nani anaogopa kuuza? Nani ataenda kumwona wiki hii?