Dereva wa Picha: Kwa Nini Mifumo Midogo ya Kompyuta Hupata Taabu

Wasomaji wenzangu, tukisikia neno "dereva" wengi wetu tunamkumbuka yule atutoaye Nyabugogo kwa basi. Katika kompyuta pia yuko dereva, ila huyu si mtu. Ni programu ikaayo kati ya mfumo wa uendeshaji na kifaa fulani. Vitabu vingine huiita kiendeshi. Printa ina dereva wake, spika zina wake, na kadi ya picha ina wake. Nataka kueleza habari za huyu wa mwisho, maana ni mgumu kuliko wote, na ndiye aamuaye kama kompyuta kuukuu itafaa darasani au itafaa kuegemezea mlango.

Jambo hili linatuhusu sana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure, na Windows 11 hukataa kompyuta nyingi za zamani. Katika kompyuta zilizokwisha tumika, ambazo huuzwa mjini Kigali au ambazo shule hupewa kwa hisani, za namna hiyo si chache. Kwa hiyo watu hugeukia mifumo huria, yaani ile ambayo msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma na kuubadili. Ujulikanao zaidi ni Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Lakini iko na mingine: FreeBSD na NetBSD ya mwaka 1993, OpenBSD ya 1995, na Haiku, ulioanzishwa mwaka 2001 ili kuendeleza mfumo wa zamani uitwao BeOS. Mwanafunzi mdadisi hupenda kuijaribu, na afanya vema. Taabu huanza kioo kinapowaka.

Kadi ya picha ni kompyuta ndani ya kompyuta. Ina chipu yake, mara nyingine ina kumbukumbu yake, na ina lugha yake ya amri, ambayo haifanani na lugha ya kadi ya kampuni nyingine, wala pengine na ya kadi ya kampuni ile ile iliyotengenezwa miaka mitano baadaye. Dereva basi ni mkalimani. Mfikirie mfanyabiashara wa Nyamirambo asemaye Kiswahili na Kinyarwanda, akaletewa mgeni asemaye Kichina peke yake. Bila mkalimani wataonyeshana vidole. Nyanya zitauzwa, lakini mkataba hautaandikwa. Vivyo hivyo, mfumo usio na dereva wa kadi hukipokea kioo jinsi kilivyowashwa na programu ya kuanzishia kompyuta, kisha huchora kila nukta kwa nguvu za prosesa. Picha itaonekana, naam. Lakini huenda ukubwa wake usibadilike, projekta isipate kitu, mwanga usipungue, na kompyuta ikilala isiamke. Filamu ya somo la baiolojia itakwama-kwama huku feni ikivuma.

Msomaji atauliza: kwa nini wasimwandike huyo dereva, maana msimbo ni wazi? Kwanza, msimbo wa mfumo ni wazi, lakini habari za kadi ni mali ya kampuni iliyoitengeneza. AMD ilianza kutoa hati za kadi zake mwaka 2007. Nvidia ilifunga mlango muda mrefu, na mwezi wa Mei 2022 ndipo ilipotoa wazi sehemu ya dereva wake, tena kwa ajili ya Linux. FreeBSD hupewa na Nvidia dereva aliyefungwa, na imekuwa hivyo tangu 2002. OpenBSD hawamtaki dereva wasiyeweza kumsoma, kwa hiyo mwenye kadi mpya ya Nvidia hubaki na lugha ya vidole. Wengine huwaita wakaidi. Mimi naona wana haki, ingawa ni haki ya gharama.

Pili ni uchache wa mikono, na hapa ndipo penye shida kubwa. Intel na AMD huwalipa mishahara wahandisi wa kuandika madereva ya Linux. Dereva wa kadi za AMD peke yake ana mistari zaidi ya milioni moja. Kundi dogo la watu, wengi wao wakifanya kazi kwa kujitolea, haliwezi kuandika upya kitu kama hicho. Hulazimika kuazima kwa Linux. Kwa bahati njema leseni za madereva hayo kwa sehemu kubwa huruhusu. Lakini dereva aliyekulia katika Linux huomba kumbukumbu kwa desturi za Linux, hupanga zamu kwa desturi za Linux, na desturi hizo za ndani hubadilika bila ahadi yoyote, maana toleo jipya hutoka kila baada ya majuma tisa au kumi. FreeBSD walijenga tabaka liitwalo LinuxKPI, ambalo humjibu dereva kana kwamba yuko nyumbani kwao. OpenBSD huichukua kazi na kuirekebisha wenyewe. Toleo lao la 7.5, la Aprili 2024, lilikuwa na madereva ya picha yaliyotoka katika Linux 6.6 ya Oktoba 2023. Kuchelewa nusu mwaka kwa watu wachache namna ile si uvivu hata kidogo! Haiku wako nyuma zaidi: baadhi ya kadi wanazo madereva ya kuziwashia kioo barabara, lakini michoro mizito kwa kawaida hufanywa na prosesa.

Asidhani mtu kwamba Linux yenyewe imesalimika. Mfano uko hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2008 shule za msingi za Rwanda ziligawiwa kompyuta ndogo za kijani na nyeupe ziitwazo XO, za mpango wa One Laptop per Child, hata zikapita 200,000. Zilitumia Linux. Kioo chake kilikuwa cha ajabu: nukta 1200 kwa 900, na taa yake ikizimwa kilisomeka juani, kwa nyeusi na nyeupe. Kati ya chipu ya picha na kioo iliwekwa chipu ya pili, DCON, iliyoshikilia picha hata prosesa ikilala, ili betri isiishe upesi. DCON ilitaka dereva wake. Huyo aliingizwa katika Linux mwaka 2010, lakini katika sehemu ya majaribio wawekwamo madereva wasiokamilika, akakaa humo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 watunzaji wa Linux walitaka kutengeneza upya mambo ya picha, wakamkuta amesimama njiani wala hana wa kumhudumia. Wakamtia alama ya ubovu. Mwaka 2024 wakamwondoa. Kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi moja hazikumwokoa, kwa kuwa walioshika XO walikuwa watoto wadogo, na dereva hutunzwa na mtu ajuaye lugha ya C. XO iliyo kabatini yaweza kuwaka bado kwa Linux yake ya zamani, lakini Linux mpya haiijui DCON.

Kwa hiyo atakaye kujaribu mfumo aanze na kadi. Katika Linux amri ni lspci, katika FreeBSD ni pciconf -lv, na katika OpenBSD soma maneno ya dmesg. Andika jina na namba ya chipu, halafu tazama orodha ya mfumo uutakao. Kadi za Intel za miaka kumi iliyopita, zilizomo ndani ya prosesa, mara nyingi hazina udhia. Za AMD hufuata. Za Nvidia ni za mwisho. Linux nyingi, na Haiku pia, huwaka kutoka katika flashi bila kugusa diski. Ikiwaka, unganisha projekta, punguza mwanga, cheza filamu, kisha ilaze uone kama itaamka.

Nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza, mnapotuletea kompyuta, tafadhali bandikeni chini yake karatasi yenye jina la kadi ya picha.