Anayejulikana Alipo Hapotei: Somo kwa Wanariadha wa Ridhaa Wanaoanza Triathloni na Mbio za Milimani



Watu wa miteremko ya Mlima Elgon hawahitaji kufundishwa maana ya mbio. Stephen Kiprotich aliiletea Uganda medali ya dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei wa Kapchorwa akaweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 2020 kwa muda wa dakika 26 na sekunde 11. Ng'ambo ya mto Suam, majirani zetu wa Kenya nao wana orodha yao ndefu. Somo letu la leo, hata hivyo, halihusu mabingwa. Linamhusu mwanariadha wa ridhaa: mwalimu, muuguzi, mwendesha bodaboda au mkulima anayeamka alfajiri, akafanya mazoezi kwa gharama yake mwenyewe, kisha akaenda kazini.

Bingwa na mwanariadha wa ridhaa hawatofautiani kwa kasi peke yake. Bingwa anapofanya mazoezi, kocha wake anajua yuko wapi na wenzake wako kando yake. Mwanariadha wa ridhaa huondoka nyumbani giza lingalipo, na mara nyingi hakuna anayejua ameelekea upande gani. Hapo ndipo sisi wa dawati la uhusiano wa polisi na jamii tunapoona kwamba jambo hili linatuhusu.

Tumezungumza kwa kirefu na muuguzi mmoja wa kituo cha afya kilicho karibu na mpaka wa Suam, mama wa watoto wawili, ambaye katika muda wa mwaka mmoja ameshiriki triathloni yake ya kwanza na mbio zake za kwanza za milimani. Kwa ombi lake hatutaji jina. Ametukubalia tutumie aliyoyapitia ili wengine wajifunze.

Michezo yenyewe

Triathloni ni mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, bila saa kusimamishwa. Ulianza mjini San Diego, Marekani, mwaka 1974, na ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000. Masafa ya Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Anayeanza hushauriwa achague nusu ya hayo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Kuogelea hutangulia kwa sababu ya usalama, kwani aliyechoka barabarani anaweza kuketi chini akapumzika, lakini aliyechoka majini hana pa kuketi.

Mbio za milimani hufuata vijia vya msituni, vya mawe na vya miteremko badala ya lami au kiwanja. Humo hakuna kilomita inayolingana na nyingine. Kilomita moja ya kupanda inaweza kumla mkimbiaji muda ambao angemaliza kilomita tatu za tambarare.

Funzo la kwanza: majini

Muuguzi wetu alikulia karibu na mto, lakini hakujua kuogelea. Kwa watu wengi wa milimani, mto ni wa kuteka maji na kuvuka. Alijifunza katika bwawa moja la kuogelea mjini Mbale, kila Jumamosi kwa miezi mitano, hata akaweza kumaliza mita 750 bila kusimama. Akadhani kazi imekwisha.

Mashindano yake yalifanyika mjini Rubavu, Rwanda, katika Ziwa Kivu, mji ambao tangu mwaka 2022 hupokea pia mashindano ya kimataifa ya masafa marefu ya triathloni. Filimbi ilipolia, makumi ya watu waliingia majini kwa pamoja. Alipigwa teke usoni, miwani yake ya kuogelea ikajaa maji, na alipotazama chini hakuona sakafu kama ile ya bwawa, bali giza. Pumzi ikawa fupi na kifua kikabana.

Yeye ni mtu wa tiba, hivyo alitambua kinachomtokea. Maji baridi na hofu humfanya mtu avute pumzi kwa pupa, na anayevuta pumzi kwa pupa huvuta maji. Alifanya mambo mawili aliyofundishwa: aligeuka akalala chali, kisha akainua mkono mmoja juu. Mtumbwi wa waokoaji ukamfikia. Kanuni za mashindano mengi humruhusu muogeleaji kushika mtumbwi na kupumzika, mradi tu usimsogeze mbele. Alipumzika, akarudiwa na pumzi, akaendelea, na akatoka majini akiwa miongoni mwa wa mwisho.

Ingefaa tujue kwamba vifo vingi vinavyotokea katika triathloni hutokea wakati wa kuogelea. Kwa hiyo waandaaji humvisha kila mtu kofia ya rangi kali, wakawahesabu wanaoingia majini na wanaotoka. Hesabu isipotimia, msako huanza papo hapo. Utaratibu huo hauhitaji fedha nyingi, na tungependa kuuona kwa wavuvi wa Majanji, kwa wanaovusha abiria kwa mitumbwi, na kwa walimu wanaowapeleka wanafunzi mtoni. Wahesabuni wanaoingia, wahesabuni wanaotoka.

Anayejifunza katika Ziwa Viktoria akumbuke pia kichocho. Akishaogelea huko, afike kituo cha afya apimwe, kwani ugonjwa huo unatibika kwa vidonge.

Funzo la pili: barabarani

Siku moja kabla ya mashindano, muuguzi wetu alitoka na baiskeli kuizoea njia. Kwenye makutano ya kwanza alijikuta akielekea upande usio wake. Uganda na Kenya huendesha kushoto, ilhali Rwanda huendesha kulia. Mwili uliozoea kushoto kwa miaka 30 haubadiliki kwa kuvuka kizuizi cha mpakani. Mwendesha pikipiki mmoja alimpigia kelele, naye akakwepa. Tangu hapo, anasema, kila aliposimama alijiambia kwa sauti, “Kulia,” kabla ya kukanyaga pedali tena.

Tunawakumbusha wote wanaosafiri kwa ajili ya michezo kwamba raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa tangu mwaka 2014 kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano na risiti ya baiskeli yako, na umwonyeshe afisa wa forodha baiskeli hiyo wakati wa kutoka, ili wakati wa kurudi usiulizwe uliinunua wapi.

Katika mashindano, kofia ngumu hufungwa kidevuni kabla ya mkono kugusa baiskeli, anayekiuka huadhibiwa. Nyumbani hakuna mwamuzi, lakini kuna malori ya Malaba na Busia, na kuna miteremko mikali ya barabara ya Kapchorwa hadi Suam, ambako gari lililobeba mzigo mzito huhitaji nafasi kubwa ili lisimame. Vaa nguo inayong'aa, funga taa nyuma, usiweke vifaa vya muziki masikioni, na epuka saa za giza.

Alipoteremka kutoka kwenye baiskeli, miguu yake ilikuwa mizito kama iliyofungwa magunia. Hali hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa misuli iliyokuwa ikizungusha pedali huombwa ghafla kubeba mwili. Dawa yake ni mazoezi ya kukimbia dakika 10 mara baada ya kuendesha baiskeli, walau mara moja kwa wiki.

Funzo la tatu: mlimani na mpakani

Aliporudi nyumbani alijiandaa kwa mbio za milimani, akidhani kwamba huko ni kwao na hakuna jipya. Elgon ilimfundisha vingine. Kwanza, mteremko huumiza kuliko mpando. Anayeshuka hujizuia kwa misuli ya mapaja, na maumivu yake huja siku ya pili. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegezwa. Pili, kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takribani nyuzi 6, na kilele cha Wagagai kiko mita 4,321 juu ya usawa wa bahari. Aliyeondoka na jasho chini anaweza kutetemeka kwa baridi juu. Tatu, ukungu huficha kijia kwa dakika chache. Nne, baada ya mvua kubwa ardhi ya mlima huu si ya kuaminika. Hatujasahau Bududa, Machi 2010. Udongo ukiwa umejaa maji, acha mazoezi ya miteremko.

Asubuhi moja, yapata saa 12, alikuwa akikimbia peke yake katika kijia kinachoteremka kuelekea mto Suam, akiwa na mkoba mgongoni. Askari wa doria walimsimamisha. Vijia hivyo, ambavyo wananchi huviita njia za panya, hutumiwa pia na wanaopitisha bidhaa za magendo na mifugo ya wizi, na mtu anayekimbia gizani akiwa na mzigo hana alama usoni ya kuonyesha kwamba ni mwanamichezo. Alitoa kitambulisho, akafungua mkoba uliokuwa na maji, koti na ndizi mbili, na mazungumzo yakaisha kwa amani.

Lakini yeye mwenyewe aliondoka pale na swali zito zaidi. Kama badala ya askari angekutana na wezi wa mifugo, au angevunjika mguu kwenye majabali, nani angejua pa kumtafuta? Mume wake alijua tu kwamba ametoka. Tangu siku hiyo huandika kwenye karatasi njia anayopita na saa ya kurudi, akaiacha mezani. Mwenyekiti wa kijiji anajua siku zake za mazoezi, na kituo cha polisi kina jina lake. Hakimbii tena peke yake, maana wanawake wengine watatu wamejiunga naye.

Funzo la nne: nyumbani

Hatuwezi kufundisha usalama wa wanariadha katika eneo hili tukanyamaza kuhusu Rebecca Cheptegei. Mwaka 2022, nchini Thailand, alishinda dhahabu katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani akiiwakilisha Uganda. Aliishi Endebess, upande wa Kenya. Wiki tatu baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake na mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake. Alifariki mjini Eldoret tarehe 5 Septemba 2024, akazikwa Bukwo. Hakuuawa na mlima, wala barabara, wala maji.

Mwanamke anayeanza kushinda zawadi, kununua kiwanja au kusafiri anaweza kujikuta akidhibitiwa na mtu wa karibu. Vitisho, kunyang'anywa simu au fedha, na kufuatwafuatwa ni dalili zisizopaswa kuitwa mambo ya ndani. Mpaka nao usiwe kisingizio. Anayetishiwa upande mmoja anaweza kuripoti katika kituo chochote kilicho karibu naye. Namba za dharura ni 999 au 112 katika nchi zote mbili. Kwa ukatili wa kijinsia, piga 116 ukiwa Uganda na 1195 ukiwa Kenya. Jirani, ukisikia, piga. Usingoje aliyeumizwa aje mwenyewe.

Utaratibu tunaoupendekeza

1. Kabla ya kutoka, mwachie mtu njia yako na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita kwa nusu saa, apige simu.
2. Beba kitambulisho, simu yenye chaji, maji na koti jepesi.
3. Kimbieni wawili au zaidi katika vijia vya mpakani, na kulipokucha.
4. Vuka mpaka kwenye kituo rasmi, hata kama kijia kinaendelea ng'ambo.
5. Ukitaka kuingia katika hifadhi ya Mlima Elgon, omba kibali kwa wahifadhi kwanza.
6. Wanaoandaa mashindano vijijini wamwarifu mkuu wa kituo cha polisi mapema, na wawahesabu washiriki mwanzoni na mwishoni.

Maswali ya kujadiliwa katika mikutano ya kijiji

Je, katika kijiji chetu, ni nani anayejua wakimbiaji wetu hupita wapi? Mtoto akizama mtoni, ni nani mwenye kamba, na nani anayejua kuogelea? Ni mwanariadha gani wa kike ambaye tumesikia akilalamika, nasi tukanyamaza?

Muuguzi wetu hajashinda medali yoyote, wala haitarajii. Mwezi ujao wanawake wale wanne watashiriki pamoja mbio za kilomita 21 za milimani, na majina yao yote yako kwenye daftari la kituo. Tunawaomba nanyi mje kuandikisha yenu. Hakuna malipo, na mlango uko wazi.