Wanja wa Manga

Kisiwa cha Unguja ni cha mawe ya matumbawe na chokaa, wala hakuchimbwi humo madini ya metali. Lakini tangu zamani jiwe la metali limeingia katika nyumba za Mji Mkongwe likiwa limesagwa, nalo hutiwa katika kichupa kidogo chenye kijiti chake. Ni wanja wa manga. Jina laonyesha ya kuwa ulitoka Manga, yaani Arabuni, katika majahazi yaliyokuja na kaskazi.

Wanja una namna nyingi. Mwingine ni masizi ya taa tu. Mwingine ni jiwe la antimoni. Lakini mara nyingi jiwe lililosagwa ni galena, ambayo ni risasi iliyoungana na kibiriti upele. Galena hupatikana katika nchi nyingi. Hata Mpanda, Tanzania bara, ilichimbwa katika miaka ya 1950, na reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa huko kwa ajili yake.

Galena nzima haifichiki. Hung'aa kama fedha, na mkononi hushangaza kwa uzito: ni nzito mara 7 na nusu kuliko maji ya kadiri ile ile, na jiwe la chokaa halifiki hata mara 3. Ikigongwa kwa nyundo haivunjiki ovyo, bali hupasuka kama vijisanduku vya mraba, na kila kijisanduku kikivunjwa hutoa vingine vidogo vya umbo lile lile. Senti ya shaba huikwaruza. Jiwe la antimoni nalo hung'aa, ila ni jepesi zaidi, na chembe zake ni ndefu kama sindano.

Ikisagwa, alama hizo zote hupotea. Unga wa risasi na unga wa masizi hufanana machoni, na neno la mwuzaji si kipimo. Hapo ndipo penye hatari, maana risasi ni sumu, na mtoto mchanga hudhurika kuliko mtu mzima, kwa kuwa ubongo wake ungali ukikua. Mtoto aliyepakwa wanja hujipangusa macho, kisha hutia vidole kinywani. Siku ile haugui. Risasi humwingia kidogo kidogo, ikakaa mifupani miaka mingi. Damu yake hupungua, na masomo humwia mazito.

Kuutambua unga huo ni kazi ya mkemia na vyombo vyake. Nyumbani, wanja usiojulikana asili yake haupakwi mtoto, na mtu mzima aliyejipaka hunawa mikono kabla ya kumshika mtoto au kukanda unga wa chapati.