SOMO LA MICHEZO: NANI ATACHEZA MBELE?



Musimu wa mashindano ya masomo haujaanza bado, lakini maneno yameanza. Ku kiwanja, ku internat, hata mu mustari wa kuingia kalasi, kila mutu ana ekipe yake mu kichwa. Juu ya golikipa na mabeki hatugombani sana. Fitina yote iko juu ya wachezaji wa mbele, sababu wao njo majina yao yanaimbwa. Wengine wanasema fulani acheze sababu alicheza mwaka jana. Wengine wanasema ni mukubwa, yuko kalasi ya sita. Wengine hata hawaoni haya kusema: mupira ni wake!

Somo hili linataka kuonyesha neno moja tu: wachezaji wa mbele wanachaguliwa pamoja, kama mafiga ya jiko. Figa moja, hata likiwa kubwa namna gani, halishike chungu. Tutazame kwanza mambo mawili yaliyotokea kweli, kiisha tuone namna ya kufanya kwetu.

1. Mulamba na magoli 9

Mwezi wa tatu 1974, ekipe ya taifa letu, wakati ule Zaire, ilishinda Kombe la Afrika huko Misri. Ekipe ilitia magoli 14. Ndaye Mulamba peke yake alitia 9. Mpaka leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika. Ku fainali na Zambia mechi iliisha 2-2, ikarudiliwa, Zaire ikashinda 2-0. Magoli yote 4 yalikuwa ya Mulamba.

Mwezi wa sita, mwaka ule ule, wakaenda ku Kombe la Dunia huko Ujerumani ya Magharibi. Scotland iliwapiga 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazil 3-0. Magoli ya Zaire: sufuri. Katika mechi ya Yugoslavia Mulamba alitolewa mapema na kadi nyekundu, kwa kosa ambalo mwenzake njo alilifanya. Tena wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba mbele ya mechi ile kulikuwa fitina ya mali waliyoahidiwa na hawakuipata.

Je, Mulamba alisahau kutia magoli kwa muda wa miezi mitatu? Hapana. Muchezaji wa mbele hana magoli yake peke yake. Kama nyuma munavunjika, kama katikati hakuna wa kumupatia mupira, kama roho za watu hazipatane, hata fundi wa Afrika nzima anarudi mikono mitupu.

2. Mazembe pasipo Mputu

Mwaka wa 2010, jirani zetu TP Mazembe wa Lubumbashi walienda Abu Dhabi ku Kombe la Dunia la vilabu. Walienda pasipo Trésor Mputu, mutiaji wao mukubwa wa magoli. FIFA ilikuwa imemuzuia kucheza mwaka mumoja, juu ya kisa na mwamuzi katika mashindano huko Rwanda. Mutu angeweza kusema: basi, imekwisha.

Haikukwisha. Walipiga Pachuca ya Mexico 1-0, goli la Bedi Mbenza. Wakapiga Internacional ya Brazil 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Magoli matatu, watu watatu. Hivi njo kilabu cha Afrika kilifika ku fainali ya kombe lile kwa mara ya kwanza. Tarehe 18 Desemba Inter Milan iliwashinda 3-0, lakini kazi ilikuwa imeonekana na dunia nzima.

Musielewe vibaya. Hatusemi fundi hana faida. Tunasema entrenere anayechagua mutu mumoja na kungoja mengine yajipange yenyewe, siku mutu yule anaugua, anavunjika muguu ao anapewa kadi, hana tena ekipe.

3. Kazi tatu za mbele

Kama tunacheza na watu watatu mbele, kila mumoja ana kazi yake:

a) Wa katikati, nimero 9. Anatia goli, ndiyo, lakini pia anashika mupira akiwapa mabeki mugongo, anangoja wenzake wafike.

b) Wa pembeni. Anakimbia, anapita beki, anatuma mupira mbele ya goli. Upande wa kushoto tutafute mutoto mwenye muguu wa kushoto. Hawa si wengi. Mukimuona mumoja ku kalasi ya pili, musimucheke sababu ni mudogo.

c) Wote watatu: mupira ukipotea, wao njo wa kwanza kuufuata. Muchezaji wa mbele anayesimama mikono ku kiuno anawaacha wenzake wa nyuma wafanye kazi ya watu wawili.

Basi ukichukua nimero 9 watatu kwa sababu wote ni mafundi, watakanyagana mu nafasi moja, na pembeni kutabaki majani tu.

4. Namna ya kupima

Tuwe na wiki tatu za mazoezi, na mutu wa kuandika mu kaye. Tuandike mambo manne: mashuti, magoli, mipira aliyomupatia mwenzake akatia goli, na mara alizonyanganya mupira.

Tuchukue mufano. Muchezaji A amepiga mashuti 20, ametia magoli 6. Muchezaji B amepiga 10, ametia 5. Makelele ya kiwanja yatasema A, sababu ana magoli mengi. Hesabu inasema: A anatia 3 katika kila 10, B anatia 5 katika kila 10. Lakini ngojeni kidogo. Labda B alikuwa kila siku karibu na mwenzake anayejua sana kutoa mupira, na A alipigania yake peke yake toka mbali. Kwa hiyo kila wiki tubadilishe nani anacheza na nani. Kama B anaendelea kutia hata na wenzake wengine, sasa tunajua ni yeye.

Tena tusisahau udongo wetu. Mwezi wa tisa huku Kolwezi kiwanja ni kikavu kama kaburasi, vumbi nyekundu linapanda, mupira unaruka juu. Mwenye mbio anashinda. Kiisha mvua inaanza, mupira unasimama mu matope, na mwenye mbio anateleza. Basi tusichague watu wa namna moja tu. Tuweke ku rezerve mutu mwenye nguvu na mwili muzito, wa siku za mvua.

5. Yule anayeachwa

Hapa njo pagumu zaidi. Mutoto wa Kapata ao wa Luilu, anayejulikana ku kartie yao yote, anasoma karatasi ku mulango na jina lake haliko. Anakuja na hasira: "Mwalimu, juu ya nini mie niko rezerve? Mie njo natiaka magoli ku kartie!"

Kama tulichagua kwa upendeleo, hatuna jibu. Tutasema "nyamaza", na tutakuwa tumepoteza muchezaji na rafiki. Lakini kama kaye iko, tunaikaa naye, tunaifungua: "Magoli yako tumeyaona, ni mazuri. Tazama hapa: mara 9 mwenzako alikuwa wazi, ukamupa mupira mara 1. Rekebisha hii, nyuma ya mechi ya tatu tutakutazama tena." Neno kama hili linauma, lakini linamuachia mulango wazi. Na ahadi ya mechi ya tatu itimizwe kweli, isiwe maneno ya kumutuliza.

Kwa hiyo uchaguzi ufanywe na watu watatu: entrenere, kapiteni, na mwalimu mumoja asiye wa michezo. Majina yaandikwe mbele ya musimu kuanza, si asubuhi ya mechi wakati marafiki wanavuta mukono. Na sheria hii iwe moja kwa ekipe ya wavulana na ya wasichana.

Maswali ya kuzungumza mu kalasi

1. Juu ya nini magoli 9 ya Mulamba hayakusaidia huko Ujerumani?

2. Muchezaji C amepiga mashuti 8, ametia magoli 2, na amewapatia wenzake mipira 7 iliyokuwa magoli. Mungemuweka wapi?

3. Rafiki yako wa kweli ameachwa. Utamuambia nini: kwamba wamemuonea, ao kwamba akatazame kaye?