Mgongo Unauma, Moyo Nao Umechoka

Vipimo vimerudi safi, daktari amesema mifupa haina neno, na bado mama hawezi kuinama kufua. Nyumbani minong'ono inaanza: anajifanya, au amerogwa. Maumivu yake ni ya kweli. Yakizidi miezi 3 huitwa maumivu sugu, na mara nyingi jeraha lililoyaanzisha lilishapona zamani, ila mishipa ya fahamu na ubongo vinaendelea kupiga kengele ya hatari. Huzuni, woga na kukosa usingizi huizidishia kengele hiyo sauti.

Hapa Kigali jambo hili ni zito. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta sonona kwa asilimia 12 ya watu kwa jumla, na asilimia 35 kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wapo ambao kichwa au tumbo huwazidia kila ifikapo Aprili 7, Kwibuka, yaani kumbukumbu ya mauaji hayo, inapoanza. Ukimpa mtu huyo vidonge vya maumivu peke yake, umemtibu nusu.

Tiba ya mazungumzo

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka mazoezi na tiba ya kisaikolojia miongoni mwa matibabu ya maumivu sugu ya mgongo, na halikupendekeza mikanda ya kiuno.

Mtaalamu wa saikolojia atakuuliza: umeacha kufanya nini kwa kuogopa maumivu? Tuseme mkazi wa Biryogo ameacha kupanda kilima kwenda sokoni. Wataanza na kona ya kwanza tu, kila siku, iwe siku njema au mbaya, kisha kona ya pili. Asikimbilie kileleni siku anayojisikia vizuri, maana kesho yake atalala kitandani na kukata tamaa.

Hisia nazo hutibiwa hivyo hivyo. Rwanda mwanamume huambiwa tangu utotoni kwamba machozi yake hutiririkia tumboni, nasi tunaona wengi wakiumwa huku wamenyamaza. Katika tiba hujifunza kuitaja hasira au majonzi, kukaa nayo kwa muda bila kuikimbia, na kuona kwamba hupanda kisha hushuka. Wataalamu wa Örebro, Sweden, waliijaribu njia hii kwa watu wenye maumivu sugu pamoja na wasiwasi na sonona. Matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha sonona ikipungua, na maumivu yakipungua kuwazuia watu katika shughuli zao.

Nyumbani na hospitalini

Msimfanyie mgonjwa kila kitu. Mwachieni kazi anayoiweza, hata kuchambua maharage, na badala ya kumuuliza kutwa kama anaumwa, mwulizeni siku yake imekwendaje. Dawa alizoandikiwa asiziache ghafla bila kumwona daktari.

Kwa wenye mituweli, bima ya afya ya jamii, safari huanzia kituo cha afya. Mwambieni muuguzi yote mawili, maumivu na usingizi uliopotea, kwani akisikia la mgongo tu atatibu mgongo tu. Akiona haja atawapeleka hospitali ya wilaya, na huko wanaweza kuwaelekeza hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, wilayani Gasabo.

Lakini mguu ukilegea ghafla, sehemu za siri zikifa ganzi, mkojo ukishindwa kuzuilika, au mgonjwa akisema anataka kujiua, msingoje miadi wala msimwache peke yake. Pigeni simu 912 muitie gari la wagonjwa.